Mguu Chini ya Almari

Kama unasomewa maneno haya umelala chali, mguu umefungwa na huwezi hata kugeukia ukutani, nimeyaandika kwa ajili yako. Na kama u mzima, una watoto, na chumbani mwao kuna kabati lililosimama kwa uzito wake tu bila kushikwa na kitu, nimeyaandika kwa ajili yako pia, na wewe ningependa uyasome kwanza. Mambo ya mifupa na dawa waulize wenye kazi yao. Mimi nitasema niliyoyapitia.

Naitwa Nakijwa. Nilizaliwa Vudee, milimani juu ya Same, binti wa seremala. Nikaolewa Ugweno, mbali upande wa kaskazini wa milima yetu ya Upare, enzi za Waingereza, miaka ile kahawa ilipoanza kuwapa watu mabati. Mwaka mmoja kahawa ilikubali, na mume wangu Elinami akajenga nyumba ya matofali ya udongo, akaiezeka, na ndani akatenga chumba cha watoto. Watu walikuja kukitazama. Watoto wa kijiji kile walilala na bibi zao, wengine sebuleni karibu na mbuzi. Chumba chao wenyewe, chenye dirisha, kilikuwa habari ya kusimuliwa kanisani. Na mtoto tuliyekuwa naye ni mmoja tu, binti yetu Penda, mdogo bado wa kubebwa mgongoni akichoka.

Baba yangu alizawadia chumba kile almari. Ilinizidi mimi kwa urefu, ina droo nne pana, ameichonga kwa mti mgumu wa milimani. Ilishushwa kutoka Vudee, ikapanda lori pale Same, kisha ikapandishwa Ugweno mabegani mwa wanaume waliokuwa wakipokezana na kutukana kwa upole, maana mama mkwe wangu alikuwa akiwafuata nyuma. Iliposimamishwa ukutani kila aliyeingia aliigonga kwa vidole akasema, "Hii itatuzika sisi." Walikuwa wanaisifu.

Juu yake ndiko tulikoweka kila tusichotaka mtoto akiguse. Cherehani yangu ya mkono ilikaa huko, na taa, na kopo la sukari guru la mama mkwe. Tazama sasa hapo ulipo: kitu kizito kuliko vyote kimewekwa juu kabisa, na kitu kitamu kuliko vyote kiko pembeni yake. Ukienda nyumba kumi utakuta nane ziko hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kuchuma kahawa. Elinami, mama yake na vibarua walikuwa bondeni, na mashine ya kumenyea ilikuwa inazungushwa kando ya mfereji, ikikwaruza tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimepanda nyumbani kuchochea makande ya mchana, Penda akicheza chumbani kwake. Nikasikia mbao ikilia. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama mtu anajinyoosha kitandani. Sijui ni nini kilichoninyanyua. Nilipofika mlangoni nilimwona mwanangu amezivuta droo zote, moja zaidi ya nyingine, kama ngazi, na yuko juu ya ile ya tatu, mkono wake umelielekea kopo. Almari ilikuwa tayari imeacha ukuta.

Nilimdaka na kumtupa chini yangu. Cherehani ilipita karibu na sikio langu ikapasua sakafu. Kisha almari yote ikaja.

Watu huuliza kama niliumia sana wakati ule. Nilisikia paja langu la kushoto likikatika, nililisikia kwa masikio kama mtu avunjavyo kuni, lakini maumivu yalichelewa. Kilichokuja kwanza ni kujua kwamba siwezi kwenda popote. Droo zilizokuwa wazi zilikita sakafuni, zikaacha uwazi kidogo, na katika uwazi ule tulikuwemo, mimi kifudifudi na Penda chini ya kifua changu. Nikisukuma, almari haisogei. Nikijivuta, mguu haunifuati. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka, na mashine ya kahawa ikaendelea kukwaruza bondeni.

"Mama, nataka kutoka," Penda aliniambia.

"Nami nataka, mwanangu. Tungoje kidogo."

"Nani atatutoa?"

"Baba yako."

"Yuko wapi?"

"Kwenye kahawa."

Aliuliza tena, nikajibu tena, maneno yale yale. Alilia, akanyamaza, akalala usingizi. Hapo ndipo maumivu yalipoanza, na sikuweza kulia kwa nguvu kwa sababu nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa kifua changu. Jua la dirishani lilikuwa limeangukia sakafu karibu na mlango. Nililitazama likitambaa juu ya udongo mpaka likafika kwenye vidole vya mkono wangu, likapita, likapanda ukutani. Makande yaliungua jikoni. Nilinusa kila hatua ya kuungua kwake.

Aliyetukuta ni mama mkwe. Alikuwa amekuja kutafuta vikapu na kuuliza chakula kimekwama wapi. Alipiga ukunga mmoja tu, kisha akafanya kitu ambacho baadaye, tulipokuwa hatusemezani vizuri, nilijilazimisha kukikumbuka: hakukimbia kwenda kuita watu. Aliinama akaishika almari ile akaanza kuinyanyua peke yake, mwanamke mzee, akipumua kama ng'ombe aliyekwama matopeni, na hakuiacha mpaka alipopata nafasi ya kumvuta Penda kwa mguu. Ndipo akakimbia.

Penda alikuwa na mchubuko mmoja kwenye paji la uso. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa.

Walinifunga kwenye machela ya miti na blanketi wakanishusha. Anayeijua njia ya Ugweno anajua kwamba hakuna mahali pa tambarare pa kumpumzisha mgonjwa. Kila walipopokezana mfupa wangu ulisaga. Barabarani lori la kwanza kupita lilikuwa linaelekea Same, basi nikawa mgonjwa wa Same. Lingetangulia la Moshi ningekuwa wa Moshi.

Hospitalini tulingoja kwenye baraza, mimi chini juu ya machela yangu na Elinami kwenye benchi refu pamoja na watu wa homa na wa vidonda. Ukilala chini barazani unaona miguu ya watu tu. Niliwajua wagonjwa wenzangu kwa miguu yao kabla sijaona sura zao. Elinami alikuwa ametoka shambani vile vile, miguu yake ina maganda ya kahawa. Kila mara alikuwa akiinama kuniambia, "Zamu yetu inakuja, Mama Penda," na zamu yetu haikuja mpaka vivuli vikawa virefu uani.

Tiba ya kwanza ilikuwa ya kamba na mchanga. Mguu wangu ulifungwa vitambaa, kamba ikapita kwenye kapi miguuni pa kitanda, na mwisho wa kamba ukaning'inizwa mfuko wa mchanga, uwe unauvuta mfupa mchana na usiku urudi mahali pake. Kitanda chenyewe kiliinuliwa kwa matofali upande wa miguu, nikawa nimelala kichwa chini kama mbuzi anayesubiri kuchinjwa. Dresa, yaani mfunga vidonda wa wodi, mzee mpole aliyeitwa Hamisi, aliniambia, "Binti, kazi yako sasa ni moja. Usifanye chochote."

Sijapata kupewa kazi ngumu kuliko hiyo. Mimi ni mtu wa mlimani, nimezoea baridi na ukungu, na Same ni joto na upepo wa vumbi. Vumbi liliingia kinywani na kwenye uji. Mchana bati la wodi lilikuwa likitatarika. Kupitia dirisha niliiona milima ya kwetu Vudee imesimama pale pale karibu, ya buluu, kiasi cha kunifanya nifikiri nikinyoosha mkono nitagusa jiwe la uani kwa baba. Treni ya Tanga ilipita, nikajua kuna watu ambao siku hiyo wanakwenda mahali. Nilikuwa natumia chombo cha haja nikiwa nimelala, mbele ya wanawake wengine, na mara ya kwanza nilijizuia mpaka tumbo likavimba. Kwa wewe uliyelazwa sasa nakuomba usijizuie. Aibu huisha siku ya tatu, na baada ya hapo mtacheka.

Aliyenifundisha kucheka ni mgonjwa wa kitanda cha jirani, Mama Zubeda, mke wa mkata mkonge wa Makanya, aliyekuwa na donda la mguu lisilopona. Alikuwa anaweza kutembea, kwa hiyo alikuwa macho yangu. Alikwenda dirishani akanisimulia: nani amekuja, mwanamke gani kavaa kanga gani, mbuzi gani kaingia jikoni kwa wauguzaji. Alinisuka nywele nikiwa kichwa chini. Siku yake ya kuruhusiwa alinipa kilichobaki cha sabuni yake, akasema, "Usinisahau, na usinifuate Makanya na mguu huo."

Mvua za vuli zilipoanza kunyesha mlimani, na sisi huku chini tukiambulia harufu yake tu, daktari alikuja akaubonyeza mfupa akasema umeanza kushika. Tiba ya pili ikawa plasta. Nilikaa tena kwenye benchi la kungoja, safari hii nimeegemea ukuta, wa mwisho katika foleni ya watu wa mifupa, na niliporudi wodini nilikuwa nimefunikwa jasi nyeupe kuanzia kiunoni mpaka vidole vya mguu wa kushoto. Wenyewe tuliiita hogo. Ilikuwa nzito na yenye baridi, kisha ikakauka, na ilipokauka nikaelewa kwamba sasa nimeingia ndani ya ile almari kabisa na mlango umefungwa.

Mwasho wa ndani ya hogo hauelezeki kwa mtu asiyeupata. Ni kama siafu wanatembea mahali ambapo mkono hautafika kamwe. Hamisi alinipatia ufito mwembamba wa fagio, nikawa nalala nao kama mzungu alalavyo na bunduki yake porini. Mwili nao ulianza kunigeuka. Mguu wa kulia, ule usiovunjika, ulinyauka kwa kutotumika, matiti yakapungua, nywele zikakatika kisogoni. Siku moja nilijiona kwenye maji ya beseni, nikasalimia nikidhani ni mgonjwa mgeni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifunga kuliko jasi.

Baba yangu alikuwa akishuka kutoka Vudee kwa miguu kuniona. Siku moja alimkuta Elinami kitandani kwangu.

"Shikamoo, baba," Elinami alisema.

"Marahaba." Baba aliketi, akautazama ule mzigo mweupe kwa muda. "Nimetengeneza almari tangu ujana wangu. Hakuna iliyomwangukia mtu."

"Hii imemwangukia mwanao."

"Kwenye sakafu ya nani?"

Elinami alisimama. Sakafu ile aliishindilia kwa mikono yake, akaipa mwinamo ili maji ya kufagilia yatoke mlangoni. Ndiyo iliyokuwa fahari yake. "Mzee, usiniletee nyumba yangu hapa."

"Umeileta mwenyewe. Binti yangu ameilalia."

Waliondoka kila mtu na njia yake, na kuanzia hapo kila mmoja alikuwa akija siku yake. Mama mkwe aliposhuka alinipa habari zilizobaki. Almari imetolewa nje, iko migombani chini ya magunia. Yeye anataka ichomwe. Wanawake wa kanisani wameshauri iombewe kwanza, kisha ichomwe. Watu wanasema mti ule ulikatwa mahali pa matambiko.

"Baba yangu anajua?" nilimuuliza.

"Amejua. Ametuma neno kwamba ukitoka hapa utapelekwa Vudee ukauguzwe kwenu, kwa kuwa kwetu vitu huanguka." Alikunja midomo. Sisi wawili tulikuwa tunazungumza Kiswahili, maana Kigweno changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu na Chasu chake, lugha ya kwetu Vudee, kilikuwa cha matani, na katika Kiswahili maneno makali hutoka yamenyooka. "Mwanamke akirudishwa kwao na mguu mbovu, mwanangu, watu hawasemi anauguzwa. Wanasema amerudishwa."

Nilijua. Nikiitikia Vudee nimevunja nyumba yangu, na nikiitikia Ugweno nimemtukana baba. Na mimi niliyekuwa naulizwa nilikuwa siwezi hata kuivuta shuka iliyoanguka.

Krismasi mama mkwe alikuja na Penda. Nilikuwa nimeomba nifutwe uso na nifungwe kilemba kizuri. Penda alifika mpaka miguuni pa kitanda. Aliiona jasi. Aliniangalia mimi, akaiangalia tena jasi, akarudi nyuma akajifunika kwenye kanga ya bibi yake.

"Njoo, Penda. Ni mimi."

"Mama, twende," alisema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anamwambia bibi yake.

Mama mkwe alinionea huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko maneno yake. Walipoondoka niligeuza uso upande pekee niliokuwa naweza kuugeuzia. Hamisi alipita na sinia la dawa, akarudi, akavuta pazia kati yangu na wodi, akaenda zake. Namshukuru mpaka leo kwa pazia lile.

Baada ya sikukuu kisigino kilianza kuoza ndani ya hogo. Nilikijua kwa harufu kabla ya maumivu. Nilinyamaza kwa siku kadhaa nikiogopa kurudishwa kwenye kamba, na hapo nakusihi: ukisikia harufu, sema siku hiyo hiyo. Hamisi alichukua msumeno mdogo akakata dirisha kwenye jasi, akakisafisha kidonda kila asubuhi kupitia dirisha lile. Homa ilipanda. Zipo siku sizikumbuki. Nakumbuka baba ameketi upande wangu wa kulia na Elinami upande wa kushoto, kila mmoja akitazama ukuta wake, nikajua nimezidiwa, maana wasingekutana bure.

Homa iliposhuka walikuwa bado wapo. Nilikuwa mnyonge kiasi kwamba sauti yangu haikufika miguuni pa kitanda, ikabidi wainame wote wawili, vichwa vyao vikakaribiana.

"Sitakwenda Vudee," nilisema. Elinami akanyanyua kidevu. "Wala sitakwenda Ugweno."

"Utakwenda wapi, Nakijwa?" baba aliuliza.

"Nitakaa hapa hapa mpaka almari irudi chumbani kwa Penda."

Elinami alifikiri homa imerudi, akanigusa paji la uso. "Mama Penda, kitu kile nusura kituue."

"Nguo za mtoto mnaweka wapi sasa?"

"Kwenye sanduku, juu ya rafu ya jikoni."

"Rafu imefungwa na nini?"

Nikamwambia kwamba wakiichoma almari, watu watasema ilikuwa na pepo, watarudi majumbani mwao wamestarehe, na kabati zao zitabaki zimesimama vile vile juu ya vichwa vya watoto wao. Mimi nilikuwa nimelala chini ya kitu kile mpaka jua likapanda ukutani. Hakikuwa na pepo. Kilikuwa hakijafungwa. Hakuna aliyekifunga, na hakuna aliyewahi kuona kwa mtu yeyote kimefungwa.

"Baba anajua mbao," nilisema, "na wewe unajua ukuta wako. Hakuna anayeweza kuifunga peke yake. Nendeni mkaifunge pamoja. Mkimaliza, njooni mnichukue."

Baba alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake. "Sikuwahi kufikiri mtoto atazifungua zote kwa pamoja," alisema mwishowe, akimwambia Elinami si mimi. "Mtu mzima hufungua moja."

"Na mimi sakafu niliipimia maji," Elinami akasema. "Sikuipimia almari."

Wakaenda.

Tiba ya tatu ilikuwa kuvuliwa hogo, kiangazi kikali kikiwa kimeikausha Same nzima. Mguu uliotoka ndani ulikuwa mweupe kwa maganda, mwembamba kama wa mtoto, na mfupi kuliko mwenzake. Niliulilia, kisha nikauosha. Nilifundishwa magongo kwenye baraza lile lile la kungojea, nikipita mbele ya watu wa benchi, na sasa wao ndio walioitazama miguu yangu. Masika yalipokaribia, wanaume wa Ugweno walikuja na machela. Baba yangu alikuwa kati yao, ameshika mti wa mbele, bega lake kwa bega la Elinami.

Waliponiingiza chumbani niliomba niwekwe kwenye kitanda cha Penda, nione. Almari ilikuwa ukutani pake. Chini ya miguu yake ya mbele walikuwa wamegongomea kabari za mbao, ikaulalia ukuta kidogo sana. Matofali ya udongo hayashiki msumari, huumega ukuta tu ukatoka, kwa hiyo waliutoboa ukuta mahali pawili, wakapitisha vipande vya pete za pipa kutoka mgongoni mwa almari mpaka nje, na huko nje wakavifunga kwa nati kwenye ubao mnene uliolala mlalo. Almari ikitaka kuanguka lazima iuvute ubao ule upite ndani ya ukuta mzima. Kila droo ilikuwa na kizuizi ndani, haitoki zaidi ya nusu, na komeo la mti kwa nje. Cherehani ilikuwa chini, kwenye sanduku lake. Mablanketi yamejazwa droo za chini, nguo nyepesi za juu. Na juu ya almari hapakuwa na kitu chochote, hata kopo.

"Nionyesheni," nilisema.

Elinami akafungua droo zote. Alikuwa anainua mguu apande, mama yake akamsukuma kando. "Mimi ndiye niliyetaka ichomwe," alisema. Akajifunga kanga kiunoni, akakanyaga droo ya chini, akashika ya juu, akajitundika pale kwa uzito wake wote, mama mtu mzima mwenye wajukuu, akajitikisa. Ukuta ulitoa vumbi kidogo. Almari haikutikisika. Baba yangu alitazama pembeni akijifanya anapangusa jasho.

Walikuja majirani kutazama, kama walivyokuja zamani kutazama chumba. Baadhi yao walimwomba baba awapitie kabla hajarudi Vudee, akakaa Ugweno mpaka mvua zikamzuia.

Leo natembea nikichechemea, kiatu cha kushoto kina soli mbili. Kupanda naweza, kushuka nahitaji fimbo, na baridi ikiingia mfupa unanijulisha kabla ya mawingu. Kulea kwa mguu huu kunawezekana, nimelea wengine wanne. Wote walipanda almari ile, wasikudanganye watu kwamba mtoto husikia akikatazwa. Ilistahimili.

Lakini ukiniuliza ni lini nilipona, sitakutajia siku ya magongo. Masika yale nilipokuwa bado nalazwa chumbani kwa mwanangu, Penda alilala kwa bibi yake na mchana alisimama mlangoni tu, ananitazama. Sikumwita. Nilikuwa nimejifunza hospitalini kwamba mtu akivutwa kwa nguvu huumia. Aliingia hatua moja akatoka. Kesho yake alikaa sakafuni na mwanasesere wake wa mgomba, amenipa mgongo. Nikawa namsikiliza akiongea naye.

Kisha alasiri moja mvua ilishuka kwa kishindo juu ya bati, na radi ikapiga upande wa bondeni. Penda aliingia mbio. Alisimama kando ya kitanda, akanitazama usoni, akautazama mguu wangu mwembamba juu ya godoro, akaugusa kwa kidole kimoja. Halafu akaweka goti lake kitandani.

"Mama," alisema, "sogea."

Nikasogea.